Kompyuta Alikuwa Mtu

Mwalimu wa Kiswahili akimsikia mwanafunzi anasema "kompyuta amechoka, ameenda kula", atamsahihisha papo hapo. Kompyuta ni kitu, iko katika ngeli ya I-ZI: kompyuta imezima, kompyuta zimeibwa. Lakini kwa zaidi ya miaka 300 sentensi ya mwanafunzi huyo isingekuwa na kosa lolote la maana. Neno lenyewe limo katika maandishi ya Kiingereza tangu mwaka 1613, na kuanzia hapo hadi katikati ya karne ya 20 lilimtaja mtu: mtu aliyeketi mezani na kalamu na karatasi, kazi yake kukokotoa. Kompyuta alilipwa mshahara. Kompyuta aliumwa kichwa. Kompyuta aliolewa, akaacha kazi.

Sisi tulilipokea neno hili likiwa limeshahama ngeli. Kwa Kiingereza kuhama huko hakuonekani, maana vitenzi vya lugha ile havijali kama anayetajwa ni mtu au ni kabati. Kwa Kiswahili tunaona: alikuwa, kisha ikawa. Na nadhani kuhama huko ndiyo historia ya kompyuta kwa ufupi. Historia hiyo huwa tunasimuliwa kuanzia katikati, eti siku moja huko Marekani lilijengwa dude kubwa, likapungua mwili mwaka hadi mwaka, mpaka likaingia mfukoni. Kumbe kabla ya dude palikuwa na kazi, na palikuwa na watu wa kuifanya. Mashine ilirithi kazi yao, ikarithi namna walivyoigawana, ikachukua na jina lao.

Wasusi waliokosa vichwa

Tuanzie Ufaransa, miaka ya 1790. Mapinduzi yamemwondoa mfalme, na serikali mpya inataka kupima kila kitu upya kwa mfumo wa desimali. Wapimaji wa ardhi na mabaharia wanahitaji majedwali, yaani vitabu vilivyojaa majibu ya hesabu ngumu, ili mtu akiwa kazini afungue ukurasa na kuchukua jibu badala ya kukokotoa mwenyewe. Mhandisi Gaspard de Prony akakabidhiwa kazi ya kuyatengeneza. Mamia ya maelfu ya namba. Angeanza peke yake, angekufa kabla ya kufika nusu.

De Prony alikuwa amekisoma kitabu cha Adam Smith cha mwaka 1776, kile kinachoeleza jinsi kiwanda cha pini kinavyogawa kazi: mmoja anyooshe waya, mwingine akate, mwingine achonge ncha. Akajiuliza kwa nini namba zisitengenezwe kama pini. Akapanga watu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilikuwa la wanahisabati wachache waliochagua fomula. La pili lilizivunja fomula hizo kuwa hatua na kuandaa karatasi za kujaza. La tatu, watu kati ya 60 na 90, halikuhitaji kujua hisabati yoyote zaidi ya kujumlisha na kutoa. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walikuwa wasusi wa nywele za makabaila. Vichwa walivyokuwa wakivisuka vilikuwa vimekimbia nchi au vimekatwa, na wasusi wakabaki bila kazi.

Msusi anawezaje kutengeneza jedwali la hisabati? Hebu tujaribu pamoja. Chukua namba za mraba: 1, 4, 9, 16, 25. Tafuta tofauti kati ya moja na inayofuata: 3, 5, 7, 9. Sasa tafuta tofauti ya hizo tofauti: 2, 2, 2. Hapo ndipo penye siri. Ukitaka mraba unaofuata huna haja ya kuzidisha chochote. Chukua 9, ongeza 2, unapata 11. Chukua 25, ongeza 11, unapata 36. Rudia. Mtu asiyejua kabisa mraba ni nini anaweza kujaza ukurasa mzima bila kosa, mradi anajua kujumlisha na anafuata maagizo.

Orodha ya namna hiyo, ya hatua ndogondogo zinazofuatana mpaka jibu, ndiyo inayoitwa algorithimu, neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Tanzania tuna neno la nyumbani lenye uchungu wake: kikokotoo. Mwaka 2018 kanuni mpya za mafao ya wastaafu zilipotoka, na watumishi wa umma waliozoea kutarajia asilimia 50 ya mafao kwa mkupuo wakaambiwa ni asilimia 25, nchi nzima ilijifunza neno hilo. Desemba mwaka uleule Rais Magufuli akasitisha kanuni hizo. Mwaka 2022 ikaja 33. Hesabu ilikuwa sahihi mara zote. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu kuhusu namba gani iingie kwenye fomula. Mstaafu wa kawaida alilielewa jambo hili bila kusomea kompyuta: nyuma ya kikokotoo kuna mkokotoaji, na nyuma ya mkokotoaji kuna aliyemwagiza.

Kinu na ghala

Tatizo la majedwali lilikuwa makosa. Mtu anachoka, anaandika 6 badala ya 9, mchapaji naye anaongeza la kwake. Mwaka 1821, jijini London, Charles Babbage na rafiki yake John Herschel walikuwa wakilinganisha majedwali ya nyota yaliyokokotolewa na watu wawili tofauti, na makosa yalikuwa mengi mno. Babbage, kwa hasira, akatamani kazi ile ingefanywa na mvuke.

Hakuishia kutamani. Akabuni mashine ya magurudumu yenye meno ya kufanya kazi ileile ya kundi la tatu la de Prony: kujumlisha tofauti, kurudia, kuchapa. Babbage mwenyewe alimwandika de Prony katika kitabu chake cha viwanda cha mwaka 1832, kwa hiyo ukoo huu si wa kubahatisha. Serikali ya Uingereza ikatoa fedha kuanzia 1823. Ilipofika 1842, baada ya takriban pauni 17,000 na ugomvi kati ya Babbage na fundi wake, ikajitoa. Mashine haikumalizwa. Mwaka 1991, miaka 200 baada ya Babbage kuzaliwa, Makumbusho ya Sayansi ya London yalijenga mojawapo ya mashine alizozichora, na ikakokotoa vizuri tu.

Wakati huo wote Babbage alikuwa na wazo kubwa zaidi: mashine moja ya kufanya hesabu yoyote, kulingana na maagizo utakayoipa. Aliigawa sehemu mbili akaziita kwa majina ambayo mkulima yeyote angeyaelewa: kinu na ghala. Ghala linatunza namba, kinu kinazisaga. Namba inatoka ghalani, inaingia kinuni, jibu linarudishwa ghalani. Kompyuta iliyo mezani kwako leo bado imejengwa hivyohivyo, isipokuwa ghala tunaliita kumbukumbu na kinu tunakiita prosesa. Maagizo yangeingia kwa kadi zenye matundu, mtindo ambao Joseph Marie Jacquard wa Lyon alikwisha kuutumia kuiongoza mitambo ya kufuma hariri.

Babbage alitaka mashine hiyo iweze kufanya mambo mawili zaidi ya kujumlisha. Kwanza, kurudia: fanya hatua hizi, kisha rudi mwanzo. Pili, kuchagua: kama jibu ni pungufu ya sifuri pita huku, la sivyo pita kule. Hatua, kurudia na kuchagua. Kila programu uliyowahi kuitumia, iwe ya kutuma pesa kwa simu au ya kuchezea mpira, imefumwa kwa nyuzi hizo tatu.

Mwaka 1843 Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron, alitafsiri makala ya Mtaliano Luigi Menabrea kuhusu mashine hiyo, akaongeza maelezo yake yaliyokuwa marefu kuliko makala yenyewe. Alionyesha hatua kwa hatua jinsi mashine ingekokotoa namba za Bernoulli. Akaona pia jambo ambalo wengi hawakuliona: kama mashine inaweza kushughulikia namba, inaweza kushughulikia chochote kinachoweza kuwakilishwa kwa namba, hata muziki. Na akaonya kwamba mashine haianzishi jambo lenyewe. Inafanya tunachojua kuiagiza.

Senti 25 kwa saa

Mashine ya Babbage ilibaki kwenye karatasi, na kazi ikarudi kwa watu, zaidi na zaidi kwa wanawake. Katika kituo cha kuangalia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard, mkurugenzi Edward Pickering aliajiri kompyuta wanawake kuanzia miaka ya 1880. Walisoma picha za anga kwenye vioo, wakapima mwangaza wa kila nyota na kuuandika. Malipo yalianzia senti 25 kwa saa. Mmoja wao, Williamina Fleming, aliingia nyumbani kwa Pickering kama mtumishi wa ndani. Akaishia kuweka maelfu ya nyota katika makundi. Mwingine, Henrietta Leavitt, aligundua kwamba kuna aina ya nyota ambazo mpigo wa mwangaza wake unaeleza ukubwa wa mwangaza wenyewe. Ugunduzi huo, uliotoka mwaka 1912, ndio uliowapa wanaanga fimbo ya kupimia umbali wa magalaksi.

Kwa hiyo mwaka 1936, kijana Mwingereza Alan Turing alipoandika makala kuhusu namba zinazokokotoleka, neno kompyuta katika makala ile lilimaanisha mtu. Turing alimtazama mtu huyo kwa makini. Anafanya nini hasa? Ana karatasi yenye vyumba. Anaangalia alama iliyo katika chumba kimoja. Kulingana na alama hiyo na kile anachokikumbuka, anaifuta au anaandika nyingine, anahamia chumba cha jirani, basi. Turing akasema: tukimwondoa mtu tukaweka kifaa kinachofanya hivyo tu, kifaa hicho kitaweza kukokotoa chochote ambacho mtu yule angeweza kukokotoa. Wataalamu wa leo wanapotaja "mashine ya Turing", wanamtaja karani.

Mwaka uliofuata Mmarekani Claude Shannon, katika tasnifu yake ya uzamili, alionyesha jinsi swichi za umeme zinavyoweza kubeba mantiki. Swichi ina hali mbili: imewashwa au imezimwa, 1 au 0. Namba nzima zinawezaje kuandikwa kwa alama mbili tu? Mwenye duka mwenye mizani ya zamani anajua. Akiwa na mawe manne, ya kilo 1, 2, 4 na 8, anaweza kupima uzito wowote kuanzia kilo 1 hadi 15. Kilo 11? Weka jiwe la 8, acha la 4, weka la 2, weka la 1. Andika 1 kwa jiwe uliloweka na 0 kwa uliloliacha, unapata 1011. Hiyo ndiyo 11 kwa lugha ya swichi. Ongeza jiwe la 16, unafika 31. Mawe manane yanakufikisha 255.

Wasichana sita na mashine ya tani 30

Vita Kuu ya Pili ikaleta haraka. Jeshi la Marekani lilihitaji majedwali ya mizinga: ukielekeza mzinga hivi, upepo ukiwa hivi, kombora litaangukia wapi? Pale Philadelphia, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, karibu wanawake 200 waliajiriwa kuyakokotoa. Njia ya kombora moja ilimchukua mtu mwenye mashine ya mezani saa 30 au zaidi, na jedwali moja lilihitaji njia nyingi mno. John Mauchly na Presper Eckert wakapewa fedha mwaka 1943 kujenga mashine ya umeme ya kuchukua kazi hiyo. Ikaitwa ENIAC: valvu takriban 18,000, vile vichupa vya kioo vya redio za zamani, uzito wa tani 30, na uwezo wa kujumlisha mara 5,000 kwa sekunde.

Nani ataiambia la kufanya? Mwaka 1945 walichaguliwa kompyuta sita kutoka miongoni mwa wale wanawake: Kathleen McNulty, Betty Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Jennings alitoka shambani Missouri. Snyder alikuwa amesoma uandishi wa habari, baada ya mwalimu wa hisabati kumuuliza kama haingekuwa bora akae nyumbani alee watoto. Hawakupewa kitabu cha maelekezo, kwa kuwa hakikuwapo. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumba chenye mashine, kwa sababu ilikuwa siri ya jeshi. Walipewa michoro ya nyaya wakaambiwa wajisomee. Kupanga hesabu moja maana yake ilikuwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi mamia kwa mamia, na iliweza kuchukua siku kadhaa.

Februari 1946 ENIAC ikaonyeshwa hadharani. Hesabu ya kombora iliyowashangaza wageni, iliyokamilika kabla kombora lenyewe halijafika chini, ilikuwa imepangwa na Jennings na Snyder. Jioni kukawa na karamu. Wao hawakualikwa. Picha zilizotoka magazetini ziliwaonyesha wanawake wakiwa wamesimama kando ya mashine, bila majina. Katika miaka ya 1980 mwanafunzi wa Harvard, Kathy Kleiman, alipouliza ni akina nani, aliambiwa kwamba yawezekana ni warembo waliowekwa pale kupamba picha, kama wale wa matangazo ya majokofu. Kleiman hakuridhika. Akawatafuta, akawakuta hai, akawarekodi.

Hapo ndipo neno lilipohama. Miaka hiyohiyo ikaja hatua ya mwisho ya msingi: badala ya kuchomeka nyaya upya kila mara, maagizo yenyewe yawekwe ghalani pamoja na namba. Tarehe 21 Juni 1948, jijini Manchester, mashine ndogo iliendesha kwa mara ya kwanza programu iliyotunzwa katika kumbukumbu yake. Kuanzia hapo mashine moja ingeweza kugeuka kuwa nyingine kwa kubadilishiwa maagizo tu, na hakuna aliyehitaji tena kumwita mtu kompyuta.

Isipokuwa mahali pachache. Kituo cha Langley, Virginia, ambacho baadaye kilikuwa cha NASA, kiliendelea na kompyuta watu hadi miaka ya 1950, Weusi wakiwa na ofisi yao ya kutengwa. Ndiko alikotoka Katherine Johnson, ambaye wengi tulimjua kupitia filamu ya mwaka 2016. Mapema 1962, John Glenn alipojiandaa kuizunguka dunia, mashine za IBM zilikuwa zimekwisha kukokotoa njia yake. Glenn hakuziamini. Akaomba yule "msichana" azipitie namba kwa mkono. Msichana mwenyewe alikuwa na miaka 43 na mabinti watatu. Johnson alikokotoa kwa siku moja na nusu hivi, namba zikalingana, na Februari 20 Glenn akaruka. Njia hiyo ilipita juu ya pwani yetu. Kisiwani Unguja palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kupokea sauti ya rubani na vipimo vya mwili wake, kimojawapo kati ya 18 duniani. Kiliondolewa baada ya Mapinduzi ya 1964. Hivyo hesabu iliyothibitishwa kwa penseli kule Virginia ilipita juu ya mikarafuu, na wenyeji wengi hawakuwa na habari.

Mfumo umekataa

Kwa nini tuyakumbuke haya leo? Kwa sababu uhamaji ule wa ngeli unaendelea. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba ili programu mashuhuri ya akili bandia ijifunze kuepuka lugha chafu, Wakenya walioajiriwa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuweka alama kwenye maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa kingono. Baadhi walieleza jinsi yalivyowaumiza akilini. Duniani tuliambiwa mashine imejifunza. Hatukuambiwa nani alikuwa kundi la tatu.

Siwaonei mashine husuda. Hakuna anayetaka kurudi kwenye saa 30 za kombora moja, na Leavitt alistahili kazi bora kuliko kuhesabu madoa kwenye vioo. Ninachokataa ni ule usemi tunaokutana nao kila siku benki, hospitali na ofisi za serikali: karani anatazama skrini, anatikisa kichwa, anasema "mfumo umekataa". Mfumo haukatai. Kuna mtu aliandika kwamba kama namba fulani ni pungufu ya nyingine, pita huku, la sivyo pita kule. Mtu huyo ana jina, ana bosi, na alichokiandika kinaweza kuandikwa upya, kama kikokotoo kilivyoandikwa upya. Wastaafu wetu hawakuilalamikia mashine. Walimtafuta aliyeiagiza.